KADI YA WAIFAI KATIKA KOMPYUTA YA MEZANI

Siku hizi, katika nyumba nyingi za askari na polisi wetu, utaiona kompyuta ya mezani iliyofunikwa kitambaa cha kufuma, kama ilivyokuwa desturi ya kuifunika redio hapo zamani. Nyingi kati ya mashine hizo zilinunuliwa katika minada, baada ya ofisi fulani kujipatia mashine mpya. Ni mashine imara, lakini zina upungufu mmoja. Zilitengenezwa kwa ajili ya vyumba ambamo mtandao huingia kwa waya, na kwa hiyo ndani yake hamna chombo cha kupokea mawimbi ya waifai. Simu ya mkononi hupata mtandao hata uvunguni mwa kitanda, na kompyuta iliyo mezani haipati chochote.

Mtu anayeweza kutandaza waya kutoka kwenye ruta hadi kwenye kompyuta, na autandaze; waya haukatikikatiki wala hausumbuliwi na kuta. Lakini nyumba za makambi ni mali ya serikali, na kuta zake hazitobolewi ovyo bila ruhusa. Ndipo inapobidi kutiwa kadi ya waifai ndani ya kompyuta. Nimeona ni vema nieleze kazi hiyo kwa urefu, kwa kuwa niliifanya kwa mikono yangu, na nilikosea mara nyingi kuliko ilivyonipasa.

BINTI NA FOMU YAKE

Mnamo Machi 2024 jirani yangu, mke wa sajini mmoja aliyekuwa wakati ule Somalia katika kikosi cha Umoja wa Afrika, alibisha hodi mlangoni kwangu jioni ya Jumatatu.

"Mwalimu," alisema, maana bado huniita hivyo ingawa niliiacha chaki nikaingia ofisini, "binti yetu anatakiwa aijaze fomu ya chuo na kuipeleka kwa mtandao kabla ya Ijumaa saa kumi na moja jioni. Vyeti vyake vyote vimo ndani ya kompyuta. Baba yao alituachia ruta alipokuja likizo, lakini kompyuta haiioni."

"Pole, Mama. Kesho nitakuja kutazama," nilimjibu.

Simu aliyokuwa nayo yeye mwenyewe ilikuwa ile ndogo ya tochi, isiyofaa kwa kazi kama hiyo. Ruta ilikuwa sebuleni, ikitumia laini ya simu. Kompyuta ilikuwa chumba cha nyuma, kuta mbili za zege katikati. Binti alikuwa amemaliza kidato cha sita, na baba yake alikuwa akiuliza habari ya fomu hiyo kila apigapo simu.

Kosa langu la kwanza nililifanya Jumanne mchana. Nilipita dukani nikanunua kadi kabla ya kuifungua kompyuta nikaona ndani yake mna nini. Muuzaji alinipa kadi ya aina ya zamani iitwayo PCI. Jioni tulipolifungua kasha, tukakuta kwamba ubao mkuu wa mashine ile, ambao mafundi huuita madabodi, haukuwa na mwanya wa kadi hiyo hata mmoja. Ulikuwa na mianya ya PCI Express tu. Siku nzima ikapotea.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, fungua kwanza, ndipo ununue. Mwanya wa PCI ya zamani ni mrefu, yapata sentimita 8 na nusu. Mwanya mdogo wa PCI Express, ambao ndio hutumiwa na kadi nyingi za waifai, una urefu wa sentimita 2 na nusu tu. Uko pia mwanya mrefu wa PCI Express, ambao kwa kawaida hutiwa kadi ya picha. Ukiwa mtupu waweza kutia humo kadi ndogo ya waifai, nayo itafanya kazi sawasawa. Meno yake yatashika sehemu ya mwanzo ya mwanya, na sehemu iliyobaki itakaa bure. Lakini kadi ya PCI ya zamani haiingii katika PCI Express kwa namna yoyote, na anayeilazimisha huvunja ubao.

Tazama pia unene wa kasha. Kompyuta nyingi zilizotoka maofisini zina kasha jembamba, nazo zataka kadi yenye kibati kifupi. Kibati ni kile kipande cha chuma kilichoko mwisho wa kadi, kinachofungwa kwa skrubu nyuma ya kasha. Kadi nzuri huuzwa pamoja na vibati viwili, kirefu na kifupi, nawe huchagua kinachofaa. Muulize muuzaji akufungulie boksi ujionee kwa macho, maana kibati kifupi chenyewe ni shida kukipata madukani.

Kuna hila nyingine ninayopenda kuitaja hapa. Zinauzwa kadi ndogo sana, za ukubwa wa stempu ya barua, zilizokusudiwa kompyuta za mapajani. Baadhi yake, kama zile za Intel ziitwazo AX201 na AX211, hazijitoshelezi zenyewe: nusu ya kazi yake imo ndani ya mitambo ya Intel ya miaka ya karibuni. Ukiitia kadi kama hiyo katika kompyuta isiyo ya jamii hiyo, hata kama umeipatia kishikizo cha kuiingizia, haitaonekana kamwe. Zile za AX200 na AX210 hazina masharti hayo, na tofauti ya jina ni tarakimu moja tu.

KUITIA KADI

Jumatano nilibadilishiwa kadi, na muuzaji hakunung'unika sana. Tulianza kazi saa moja usiku.

Zima kompyuta kwa utaratibu wake, kisha ung'oe plagi ukutani. Kuizima tu hakutoshi, kwa sababu ubao mkuu huendelea kupokea umeme kidogo maadamu waya umechomekwa. Ukiisha kuing'oa, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde 10 ili umeme uliobaki ndani utoke. Ondoa mkeka wa nailoni chini ya miguu, vua sweta la sufu, halafu gusa chuma kitupu cha kasha kabla ya kushika kitu chochote cha ndani. Mwili wa binadamu hukusanya umeme tuli, ule unaokushtua unapogusa kitasa cha mlango siku ya ukavu, na cheche asiyoihisi mtu yaweza kuua kadi.

Nyuma ya kasha, mkabala na mwanya uliouchagua, pana kibati kinachoziba tundu. Kitoe. Shika kadi kwa kingo zake, usiguse meno yake ya rangi ya dhahabu, uyalinganishe na mwanya, kisha uisukume chini kwa nguvu za wastani pande zote mbili kwa pamoja. Itaingia kwa mara moja, na meno hayataonekana tena ila mstari mwembamba ulio sawa toka mwanzo hadi mwisho. Mstari ukienda mshazari, kadi haijakaa. Baada ya hapo ndipo utie skrubu. Kuna watu wanaoitumia skrubu kuivutia kadi chini, na huko ni kuipinda.

Kama kadi yako ina Bluetooth pia, utakuta waya mwembamba unaopaswa kuunganishwa na vijiti 9 vya USB vilivyo juu ya ubao mkuu. Ukiuacha, waifai itafanya kazi lakini Bluetooth haitaonekana kamwe, na wengi hurudisha kadi dukani kwa sababu hiyo wakidhani ni mbovu.

Tuliwasha mashine. Ikawaka, lakini ya waifai hakuna habari. Binti alinitazama, nami nikamwambia kwamba ndivyo ilivyo kawaida, jambo ambalo ni kweli, ingawa wakati ule nililisema ili kujipa moyo.

Kadi ni mwili tu. Ili kompyuta izungumze nayo, yahitaji programu ya kuiendesha, ambayo mafundi huiita draiva. Mara nyingine Windows huwa nayo tayari, na mara nyingine hapana. Na hapo ndipo mtu hujikuta kama aliyefungia ufunguo ndani ya nyumba, kwani draiva iko kwenye mtandao, na mtandao haupatikani bila draiva. Sisi tuliipata hivi. Tulibonyeza kitufe chenye alama ya Windows pamoja na herufi X, orodha ikatokea, tukabonyeza M. Hapo huonekana majina ya vifaa vyote vilivyomo. Kadi yetu ilikuwako, ikiwa na alama ndogo ya njano, maana yake mashine imekiona kifaa lakini haikitambui.

Ukiigonga kadi hiyo mara mbili na kufungua ukurasa wa maelezo yake, utapata namba ya utambulisho yenye herufi VEN na DEV, kila moja ikifuatwa na tarakimu au herufi nne. Nne za kwanza ni za mtengenezaji: 8086 ni Intel, 10EC ni Realtek, 14E4 ni Broadcom, 168C ni Atheros. Nne za pili ni za kadi yenyewe. Namba hizi haziongopi, ijapokuwa boksi laweza kuongopa. Boksi letu lilikuwa na jina ambalo sijapata kulisikia, lakini namba ilionyesha Realtek. Niliitafuta draiva kwa namba hiyo kupitia simu yangu, nikaiteremsha, nikaihamishia kompyuta kwa kebo ya USB. Wanaotumia Linux huandika lspci, na majina ya kadi hujitokeza. Huko draiva nyingi zimo tayari, hasa za Intel.

Ilipofika saa nne usiku majina ya ruta za jirani yalianza kuonekana. Ya kwetu, iliyo nyumba hiyo hiyo, ilikuwa dhaifu kuliko zote. Nilihangaika na mipangilio karibu nusu saa, hata mdogo wake binti, kijana wa miaka 11, akaniuliza: "Mwalimu, na hivi vijiti viwili vyeusi ni vya nini?" Vilikuwa ni antena. Nilikuwa nimezisahau ndani ya boksi.

Na hata baada ya kuzifunga, palikuwa na kasoro. Kasha la kompyuta ni chuma, na chuma huzuia mawimbi. Antena zilizofungwa nyuma ya kasha, lililo chini ya meza, likiwa limesukumwa ukutani, zimejificha mahali pabaya kuliko pote nyumbani. Tulilipandisha kasha juu ya meza, tukaligeuza ili mgongo wake uelekee mlangoni, na mawimbi yakapanda maradufu. Ziko pia antena zenye waya mrefu na kitako cha sumaku, ambazo huwekwa juu ya kabati. Kwa nyumba za zege mimi huziona ni bora.

Ruta nyingi hutoa mawimbi ya aina mbili. Yale ya gigahezi 2.4 huenda mbali na kupenya kuta vizuri zaidi, ila ni ya polepole na yana msongamano. Ya gigahezi 5 yana kasi, lakini huchoka upesi yakikutana na zege. Kwa chumba cha nyuma tulichagua yale ya 2.4.

SAA ILIYOSIMAMA

Jumatano usiku tulilala tukidhani kazi imekwisha. Alhamisi jioni nilimkuta binti amekaa mbele ya skrini na macho mekundu. Kompyuta ilisema imeunganishwa na mtandao, alama ya waifai imejaa, lakini kila ukurasa alioufungua ulikataa kwa onyo kwamba si salama. Ukurasa wa chuo vilevile.

Katika hali kama hiyo usikimbilie kung'oa kadi. Yafaa kupima hatua kwa hatua ujue njia imekatikia wapi. Fungua dirisha jeusi la amri kwa kuandika cmd, kisha uandike ipconfig. Utaona anwani ya kompyuta yako na ya ruta. Anwani ya kompyuta ikianza na 169.254, ruta haijaipa anwani. Zima ruta, ngoja dakika moja, iwashe tena. Ikiwa anwani ni nzuri, andika ping, uache nafasi, uandike anwani ya ruta. Majibu yakirudi, kadi yako na antena zako hazina kosa. Halafu ping 8.8.8.8, ambayo iko mbali nje ya nyumba. Hiyo ikikataa, kosa liko kwa ruta au laini ya simu, na mara nyingi ni kwamba kifurushi kimekwisha. Ikiitika, lakini ping ya jina la tovuti haiitiki, basi kilichoharibika ni kule kutafsiri majina kuwa anwani.

Kwetu zote ziliitika. Ili kuhakikisha, niliunganisha simu yangu kwa kebo ya USB nikaifanya itoe mtandao badala ya waifai. Kurasa zikakataa vilevile. Kwa hiyo kadi haikuwa na hatia. Ndipo nilipotupia macho pembe ya chini ya skrini: kompyuta ilikuwa ikihesabu mwaka 2011.

Juu ya ubao mkuu kuna betri ya duara mfano wa sarafu, namba yake CR2032, ya volti 3. Ndiyo inayoilinda saa wakati umeme haupo. Mashine iliyokaa stoo miaka mingi betri yake hufa, na kila umeme ukatikapo saa hurudi nyuma. Tovuti, nazo, hujitambulisha kwa vyeti vya usalama vyenye tarehe ya kuanza na ya kuisha. Kompyuta iliyoko mwaka 2011 ikioneshwa cheti cha 2024, huona ni cheti ambacho muda wake haujafika, na hukikataa, kama vile askari wa zamu langoni anavyokikataa kibali chenye tarehe ya kesho. Tuliirekebisha tarehe kwa mkono, na ukurasa wa chuo ukafunguka papo hapo. Betri niliinunua asubuhi yake. Yapatikana hata kwa wauza saa.

Binti alifanya kazi hadi usiku wa manane. Alikuwa amebakiza barua ya maelezo yake, ambayo baba yake alitaka aisomewe kwanza kwa simu. Ijumaa asubuhi, alipoketi amalizie, mtandao haukuwako. Usiku kucha Windows, iliyokwisha ijua tarehe ya kweli, ilikuwa ikijiteremshia marekebisho yake, ikamaliza kifurushi cha mwezi mzima.

Hilo nalo lina kinga. Katika mipangilio ya Windows, ukiufungua mtandao wako wa waifai, utaona mahali pa kuutaja kuwa ni mtandao unaopimwa. Paweke alama. Baada ya hapo mashine haitateremsha marekebisho makubwa bila idhini yako. Nilipaswa kufanya hivyo Jumatano. Mama alikwenda kwa wakala akanunua kifurushi kingine kwa fedha alizokuwa ameziweka kwa ajili ya mkaa, na fomu ikapelekwa saa tisa na dakika arobaini alasiri.

MAMBO MENGINE YATOKEAYO

Kadi isipoonekana kabisa katika orodha, hata kwa alama ya njano, mara nyingi haijakaa vizuri. Zima, ng'oa plagi, itoe, ifute meno kwa kitambaa kikavu kisichoacha nyuzi, uirudishe, au ujaribu mwanya mwingine. Ikiwa inaonekana na kufanya kazi lakini hukatika kila mashine inapopumzika, fungua tena orodha ile ya vifaa, uigonge kadi mara mbili, na katika ukurasa wa umeme uondoe alama inayoiruhusu kompyuta kuizima kadi ili kuokoa umeme. Ruhusa hiyo ina maana kwa kompyuta ya mapajani. Kwa ya mezani ni usumbufu tu. Na ikiwa ruta mpya inaikataa kadi ya zamani ingawa neno la siri ni sahihi, huenda ruta imewekwa ilinzi wa WPA3 peke yake, ambao ulitangazwa mwaka 2018 na kadi nyingi za kabla yake haziufahamu. Chagua mpangilio unaochanganya WPA2 na WPA3. Usiteremke chini ya WPA2.

Windows 10 iliacha kupata marekebisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025, na kompyuta nyingi za minadani hazikubaliwi na Windows 11. Kwa mashine kama hizo naona ni heri kujifunza Linux kuliko kuendelea na mfumo usiotunzwa. Wa jirani yangu wamekwisha zoea.

Kwetu sisi tunaokaa makambini kuna jambo moja zaidi. Yote niliyoyaeleza ni kwa kompyuta ya nyumbani. Kompyuta ya kituo au ya stoo, ambayo wakubwa wameiacha bila mtandao, imeachwa hivyo kwa makusudi, na asithubutu mtu kuitia kadi ili apate kusikiliza muziki akiwa zamu. Nyumbani napo, badilisha neno la siri lililoandikwa chini ya ruta, uweke refu lisilopungua herufi 12, wala usiiite ruta yako kwa jina la kikosi, cheo au namba ya nyumba. Jina hilo husomwa na kila apitaye barabarani na simu yake.

Kile kibati ulichokitoa nyuma ya kasha usikitupe. Kitie katika bahasha pamoja na skrubu iliyobaki na karatasi uliyoandika namba za VEN na DEV, uibandike kwa gundi ya utepe ubavuni mwa kasha. Siku ukiihamisha kadi, uzibe tundu kwa kibati hicho. Mende wa makambini hupenda joto la kompyuta.